Miaka sita bila bwawa wala vyuma, nimerudi kwa pupa, bega linalia. Nianzie wapi?

Wa Raskazone:
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 43, naishi Moshi, pande za Pasua. Nimekulia Tanga, kuogelea kwangu ilikuwa kama kutembea, ukubwani nikaongeza na vyuma. Mwaka 2019 nikaanguka na bodaboda, nikalifikia bega la kulia. Mtoto akazaliwa, kazi zikabana, basi, kitambi kikahamia.

Wiki iliyopita nimejiunga jimu. Nikalala benchi nikapakia kilo 60 zilezile za zamani. Zikapanda! Nikajiona simba. Kesho yake nimevalishwa shati na mke wangu, na alicheka kuliko alivyosaidia. Jumamosi nikaenda bwawa la hoteli, tena lile dogo. Kwenda na kurudi tu pumzi zimekata, nikang'ang'ania ukingo kama mtu wa bara. Nahisi hewa ya huku mlimani ni nyepesi. Nianze na kipi, na mara ngapi kwa wiki? Vijana wa jimu wanasema "komaa tu mzee".

Chuma Kutu:
Mkuu, mlima usiusingizie. Moshi mjini haifiki mita 1,000. Huku Arusha ni kama 1,400 na watu wanakimbia kila asubuhi.

Kosa lako ni zile kilo 60. Misuli iliyowahi kufanya kazi hurudi upesi, ndiyo maana zilipanda. Kano zinazoishikiza kwenye mfupa hazina haraka hiyo, na ndizo zinazolia. Rudi kwenye kilo 30, mara mbili kwa wiki, na uache ukiwa bado una nguvu ya marudio matatu. Halafu tafuta tyubu ya baiskeli, ikate, funga kwenye nondo ya dirisha, bana kiwiko ubavuni, vuta kwa nje taratibu. Utajiona kama unacheza, ila misuli midogo inayolishika bega inajengwa hapo.

Mapovu:
Swali moja kwa mtoa mada. Uso ukiwa majini, hewa unaitoa au unaibana? Tukikaa muda mrefu nje ya maji wengi tunabana, halafu tukiinua kichwa tunataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja. Lazima uchoke. Toa mapovu puani muda wote. Safari moja, pumzika nusu dakika, safari nyingine. Dakika 20 zinakutosha kwa sasa. Mtindo huru uache kwanza, shika ubao upige miguu tu.

Mangi Asiyechoka:
Aende chemchemi ya Chemka Jumapili ajiloweke, jioni bakuli la mtori. Jumatatu atanyanyua gari.

Nesi wa Zamu:
Mangi, wewe nyamaza 😂

Kaka, maumivu ya mazoezi hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha yanapungua yenyewe. Ila ukikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kunyanyua vizito, nenda hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini. Na kwa umri wako pima presha kabla ya kuendelea. Sasa niambie, hilo bega linakuamsha usiku?

Wa Raskazone:
Mkojo uko sawa dada. Usiku ndiyo, upande wa kulia silalii tangu ile ajali. Nilishazoea.

Nesi wa Zamu:
Umezoea nini sasa? Miaka sita! Hilo bega si la kilo 60, ni la bodaboda. Hospitali ya KCMC kuna fiziotherapia, nenda wakakuangalie kabla hujagusa benchi tena. Miguu endelea nayo, kuchuchumaa na kutembea hakukatazwi.

Chuma Kutu:
Kumbe. Basi mkuu futa kilo 30 zangu, hata tyubu subiri wakuruhusu. Ungeanza na hiyo habari ya usiku.

Wa Raskazone:
Nimekubali, Jumatatu naenda. Mke ameusoma uzi wote, anauliza hiyo tyubu ya baiskeli itatoka wapi, maana baiskeli iliyopo ni ya mtoto.