Altaneta kubwa kwa Hilux 3L: kusuka upya koili ya hii ya zamani, mtumba ya 120A au mpya ya 200A?

Mwanjelwa4x4: Wakuu, Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, altaneta (inayochaji betri) ni ya 70A. Usiku Mbeya–Tunduma: taa kubwa na spoti mbili za 100W 22A, feni ya hita 10A, waipa 6A, friji 5A, betri ya pili inanyonya 25A. Jumla 68A. Kwenye foleni ya Tunduma volti zinashuka hadi 12.4. Nichukue ipi?

FundiUyole: Kabla ya bei, angalia mgongoni mwa altaneta yako. Pampu ya vakyumu ya breki imefungwa hapo, inazungushwa na shafti hiyohiyo. Nyingi za 200A hazina. Ukifunga hivyohivyo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mteremko wa Iwambi hauna msamaha. Kusuka sikushauri: waya wa koili unaongezwa unene, dayodi (zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri) zinabaki zilezile, zinaungua.

Kitonga_Dizeli: Namba ya kwenye kibati hupimwa altaneta ikizunguka 6,000 kwa dakika. Silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) ya 750, puli inazidisha mara 2.5, altaneta inapata kama 1,900 tu. Muulize muuzaji: kwa 1,900, ikiwa ya moto, inatoa ampia ngapi? Kuna za 200A zinazopitwa hapo na 120A nzuri. Puli ndogo ili izunguke haraka usiweke. Mkanda unashika sehemu fupi, unateleza. Ukiona vumbi jeusi kwenye puli, ndiyo hiyo.

Mafinga_Umeme: Mimi napinga kidogo. Weka spoti za LED, utaokoa zaidi ya 10A. Betri ya pili iwekee swichi, uikate ukiwa foleni. Huenda 70A ikatosha.

Mwanjelwa4x4: Friji haizimwi mkuu, ina chanjo za mifugo.

FundiUyole: Basi fanya ya Mafinga, na uchukue 120A yenye pampu yake. Toa kwanza negativu ya betri, maana waya mkubwa wa altaneta una umeme muda wote. Mikanda badili yote miwili pamoja. Waya weka wa milimita za mraba 25, fyuzi ya 150A karibu na betri. Ethi (waya wa kurudisha umeme) nayo iwe nene vilevile, toka injini hadi negativu.

Ukimaliza, washa kila kitu, injini izunguke 2,000 kwa dakika, pima kwa multimita toka nati ya altaneta hadi pozitivu ya betri. Ikizidi volti 0.3, waya au kiungo kibovu. Bodi ya altaneta hadi negativu isizidi 0.2. Pima hivyo hata hii ya sasa kabla hujatoa hela.