miR-124 ni ile ile kwa mnyoo na kwa binadamu, sasa ubongo unatofautianaje?

seli_hai: Wakuu naomba mnieleweshe. Nimepanga miR-124 (ni maikroRNA, yaani RNA fupi inayodhibiti jeni) ya binadamu juu ya ile ya mnyoo C. elegans, UAAGGCACGCGGUGAAUGCC, herufi zote 20 zinalingana!! Huyu mnyoo ana nyuroni 302 tu, sisi tunazo kama bilioni 86. Kama maikroRNA ndo zinajenga ubongo si ingebadilika?

mdau_wa_jeni: Mkuu usiiangalie yenyewe, angalia inanasa nini. MaikroRNA haitengenezi protini, inaenda kujishika kwenye mRNA (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini) na kuipunguza kasi, na inashikia hasa herufi ya 2 hadi ya 8, yaani AAGGCAC, kwa hiyo mRNA yenye GUGCCUU mkiani iko hatarini. Jeni moja inakipata hicho kipande, nyingine inakipoteza, mamilioni ya miaka yanapita, ndoano ni ile ile samaki ndo wanabadilika. Kwetu inamnasa PTBP1, protini anayezuia mRNA zisikatwe na kuungwa kwa mtindo wa neva, akishuka tu seli inaanza kugeuka nyuroni. Mnyoo ukimtolea miR-124 anaishi tu.

kiinitete: Naongezea, maana watu wanadhani maikroRNA ndo inaamua kila kitu. 2005 Giraldez na wenzake walichukua zebrafishi wasio na Dicer (kimeng'enya kinachokata RNA ili maikroRNA zikomae) kabisa, hata ile ya kutoka kwa mama, kwa hiyo hakuna maikroRNA iliyokomaa. Kichwa na mkia vilijipanga, aina kuu za seli zikatokea, ila umbo la ubongo likaharibika, vile vyumba vya ndani havikufunguka vizuri. Wakadunga miR-430, familia mojawapo ya maikroRNA, peke yake, ubongo ukarudi karibu na kawaida. Mi nikiisoma hiyo huwa naduwaa kila mara, familia moja tu!

seli_hai: Aisee kumbe. Kwa hiyo kuongeza maikroRNA mpya hakuna maana?

pweza8: Ina maana sana ndugu, muangalie pweza. Utafiti wa 2022 ulimkuta na familia mpya 42 za maikroRNA, na nyingi zinafanya kazi kwenye tishu za neva, wakati chaza, konokono mwenzake wa ukoo asiye na ubongo wa maana, kaongeza chache mno. Ongezeko la namna hiyo linaonekana pia kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na sisi na pweza tulishaachana zamani kweli kweli, kila mmoja kafika kivyake.

mdau_wa_jeni: Samahani pweza8, chaza sio konokono, ila wote ni moluska. Hoja yako iko sawa.