Ndulele: kishada kina maua saba, mbona tunda ni moja?

Mkulima wa mpakani: Habari zenu wakuu. Pembeni mwa shamba langu la mabilinganya kuna kichaka cha ndulele, wenzetu wa Pwani mnaita mtunguja. Kila anayepita ananiambia nikikate. Mimi kimenishika. Kishada kinatoa maua sita, saba, ya zambarau, kisha linabaki tunda moja tu, lile la chini. Mengine yananyauka na kudondoka. Nyuki wa mzinga wangu hawayagusi. Anakuja yule mweusi mkubwa anayetoboa miti mikavu. Analikumbatia ua, anavuma kwa sauti kali kidogo tu, anahama. Je, mmea unaumwa? Na huyo nyuki anafanya nini?

Mwalimu wa mimea: Hauumwi, ndugu. Chuma ua la chini na la juu, uyatazame kwa karibu. La chini lina kijiti kirefu cha kike kinachochomoza kati ya chavulio za njano, yaani vifuko vya chavua. La juu kijiti chake kimedumaa, kwa hiyo linafanya kazi ya dume: kutoa chavua. Na chavulio zenyewe hazipasuki ubavuni, zina vitundu nchani. Nyuki yule anatikisa misuli ya mabawa bila kuruka, chavua inamwagika tumboni mwake. Nyuki wa asali hawezi kutikisa hivyo, na ua hili halina nekta ya kumvuta.

Mama Shamba: Usikikate chote! Bilinganya ni wa ukoo huohuo na ua lake linatikiswa vilevile. Kule Nguruman, Kajiado, watafiti waliandika mwaka 2008 kwamba mabilinganya yanategemea nyuki wa porini, nao wanahitaji vichaka vya jirani.

Bwana Nyanya: Mama, mimi siafiki moja kwa moja. Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, anaishi pia kwenye mimea ya jamii hii. Kagua majani kila wiki. Na matunda yakigeuka njano yanafanana na nyanya ndogo, ni sumu; watoto wasiyachezee.

Mkulima wa mpakani: Asanteni sana. Nimechuma maua manne sasa hivi. La chini kijiti kimechomoza wazi, matatu ya juu hakionekani kabisa. Nabakiza mashina matatu upande wa mabilinganya, matunda nitayafukia kabla hayajaiva. Majani nitaanza kuyakagua Jumamosi.