MREJESHO: Ile michoro yangu ya khanga iliyoibwa

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa wasiokumbuka, niliuliza kama kuna faida kusajili michoro yangu COSOTA, ile Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, baada ya mfanyabiashara mmoja kutoa doti zenye korosho zangu kwenye mji wa khanga (ile sehemu ya katikati), mpaka kile kikonyo nilichokosea kukipinda.

Nimesajili. Ila mdau aliyesema hakimiliki haianzii kwenye cheti alikuwa sahihi kabisa: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapobuniwa. Cheti ni ushahidi, na ndicho nilichokosa. Mara ya kwanza nilipomfuata yule bwana alinicheka: "Kwani korosho umeumba wewe?"

Nusu alikuwa na haki, nakiri. Wazo la kuchora korosho si la mtu. Hata jina nililoweka, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", ni methali ya wote. Changu ni mchoro wenyewe, namna nilivyoipanga ile mistari.

Safari ya pili nilibeba cheti na daftari langu la penseli, kila ukurasa una tarehe. Akakitazama kile kikonyo muda mrefu, kisha akamwita kijana alete chai. Tumeandikiana: doti zilizobaki atauza, kila moja nina changu, na toleo jipya hatoi bila saini yangu. Malipo ya kwanza yameingia juzi. Si mengi, lakini kalamu na karatasi za pindo jipya nimeshanunua.