Mrejesho: tatizo la moyo wa mama

Asanteni sana mlionijibu nilipouliza kama mama kuambiwa moyo wake unashindwa kufanya kazi ni kusema hakuna tiba tena. Tumerudi kwa daktari. Moyo haujasimama, ila unasukuma damu kwa nguvu pungufu, ndiyo maana maji yalijaa miguuni na mapafuni hadi akawa hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha kila pigo linatoa asilimia 35 ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini kushoto. Kawaida ni 50 na zaidi. Namba hiyo inaweza kupanda kwa dawa, na hilo limenipa nguvu mno.

Kubwa kwetu sasa ni mizani. Anajipima kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 tunapiga simu, hata akijisikia vizuri, maana huenda ni maji yanarudi.

Chumvi tumepunguza. Na mliotaja ibuprofen, ile dawa ya maumivu, Mungu awabariki! Mama alikuwa akiimeza kwa ajili ya magoti, kumbe inazuia chumvi na maji visitoke mwilini. Daktari ameisitisha.