Mgambo wa Vita vya Kagera asiye na namba ya jeshi: nani athibitishe kwamba alikuwepo?

Mtoto wa Igunga (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote, shikamooni.

Kila tarehe 25 Julai huwa naangalia Siku ya Mashujaa kwenye runinga pamoja na baba yangu mdogo. Mpangilio wake tumeshaukariri. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, meya upinde na mishale, kiongozi wa mabalozi shada la maua, halafu anasogea mzee mmoja kwa niaba ya askari wastaafu, anaweka shoka. Hapo ndipo baba mdogo huinuka kitini. Kwa Rais haamki, anaamka kwa shoka. Nilipomuuliza kama anamfahamu yule mzee, alisema hamfahamu, ila "yule ndiye wa kwetu".

Baba mdogo alikuwa mgambo. Nduli Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu halikufika watu 40,000. Mpaka vita inaisha lilikuwa limepita 150,000, na kati yao karibu 40,000 walikuwa mgambo: wakulima, makarani, vijana wa vijijini. Walivaa kombati, wakapewa silaha, wakavuka mpaka. Vita ilipokwisha wengine waliingizwa jeshini moja kwa moja. Wengine waliambiwa asante, rudini mkalime. Baba mdogo ni wa kundi hilo la pili. Hana namba ya jeshi, hana kitabu, hana nishani. Ana kovu begani tu. Mara mbili amekwenda ofisi moja kuulizia, mara zote mbili ameombwa barua ya ajira. Hivi kuna mgambo aliyewahi kuandikiwa barua ya ajira?

Hoja yangu ni hii. Itengenezwe orodha ya waliokwenda vitani, kombania kwa kombania, na watakaothibitisha wawe wenzao waliokuwa nao handaki moja. Na iwe sasa hivi, maana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anaukaribia 70, na kila tukizika mmoja tunazika na shahidi wa wengine kumi.

Tayari wenyewe wameanza. Binti wa mmoja wao aliwafungulia kundi la WhatsApp, wakiwa 34. Sasa wamebaki 21. Macho hayaruhusu kuandika, kwa hiyo wanatumiana sauti. Alfajiri ya tarehe 25 mmoja wao huita majina yote, kila mmoja anajibu "nipo". Asipojibu mtu, mchana wanapiga simu kwake.

Koplo Mstaafu

Marahaba kijana. Na msalimie baba yako mdogo.

Naomba nitofautiane na wewe, nikiwa mtu niliyekuwa askari wa kuajiriwa kabla ya vita na baada ya vita. Siku hizi kila mwenye mvi alipigana Lukaya, kule Uganda. Nimekaa vijiwe vya kahawa nikamsikia mtu akisimulia alivyoikomboa Kampala, na nikijumlisha umri wake naona mwaka 1979 alikuwa darasa la tano. Ukisema wenzake ndio wathibitishe, umefungua soko. Wazee wawili watakubaliana: wewe niseme mimi, nami nitakusema wewe.

Halafu tuseme ukweli ambao kwenye gwaride hausemwi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya, barabara inapokatiza kinamasi, Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawakuwahi kusikia mlio wa vita. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipofyatua roketi za Katyusha, makombora mengi yalipita juu ya vichwa tu, lakini watu walitawanyika. Alfajiri Brigedi ya 208 ilizunguka nyuma ya adui ndipo mambo yakageuka. Mimi nilikuwa 208. Simdharau mtu. Nasema orodha ya namna unayoitaka itazua maswali ambayo wazee wenyewe hawapendi kuulizwa.

Mtoto wa Igunga

Mzee wangu, nashukuru kwa kusema wazi. Baba mdogo alikuwa 201, na wala hafichi kwamba alikimbia usiku ule. Anasema alikaa kwenye matete mpaka mapambazuko, halafu akarudi barabarani kutafuta wenzake. Sasa aliyekimbia usiku akarudi asubuhi, akaendelea na safari mpaka nchi imekombolewa, huyo tumweke fungu gani?

Hesabu za Kariakoo

Mleta mada ana moyo mzuri ila haangalii mfuko. Orodha ya mashujaa haibaki kuwa orodha. Itazaa madai, na madai yatazaa siasa. Angalieni Zimbabwe. Mwaka 1997 maveterani walimbana Mugabe mpaka kila mmoja akapewa dola 50,000 za kwao, pamoja na pensheni ya kila mwezi. Walikuwa kama 50,000, na bajeti haikuwa na fungu hilo. Tarehe 14 Novemba mwaka huo sarafu yao ilianguka kwa siku moja, na mpaka leo siku hiyo ina jina lake. Miaka mitatu baadaye walewale walikuwa mstari wa mbele kuvamia mashamba. Hii vita ya kwetu nayo ilitugharimu: Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, mkanda haukufunguliwa. Mnataka tulipe mara ya pili?

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Mwanangu wa Kariakoo, umekwenda mbali mpaka Harare na jibu liko hapa ng'ambo ya maji. Zanzibar tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata pensheni jamii. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye. Haulizwi alikuwa mvuvi, mwalimu au askari. Mpeni kila mzee haki yake na hizo namba za jeshi hamtazihitaji tena.

Binti Muleba

Mimi nimezaliwa karibu na Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wetu. Mnajadili kana kwamba vita ilipiganwa na wanajeshi peke yao. Bibi yangu alitembea na watoto wanne kutoka upande wa Kyaka, ng'ombe wote wamechukuliwa, nyuma daraja limelipuliwa. Wananchi wapatao 1,500 waliuawa kule. Kanisa la Kyaka mpaka leo ni gofu. Orodha yao iko wapi?

Lakini kwa hili la wazee nipo na mleta mada, na nitawaambia kwa nini. Maadhimisho yakifanyika huku kwetu magari ya wakubwa yanakuja na kuondoka siku hiyohiyo. Anayebaki ni mzee mmoja aliyekuja kwa basi kwa nauli yake, halafu hana pa kulala. Sisi nyumbani tuna mmoja anayekuja karibu kila mwaka, tumeshamzoea, watoto wanamwita babu. Mwanzoni alikuwa akitembea makaburini akisoma majina kwa sauti. Sasa haoni, mdogo wangu ndiye anamsomea. Kuna majina matatu anataka yasomwe mara mbili. Hatujawahi kumuuliza sababu.

Kwa hiyo Bi Mkubwa, shikamoo, pensheni ni jambo jema, ila huyu babu hakuja Kaboya kutafuta pensheni. Na kwenye hiyo orodha waingizwe wajane. Mjane ndiye anayejua mume alirudi na nini usiku.

Hesabu za Kariakoo

Dada, simulizi nzuri, lakini haijibu hoja ya bajeti.

Binti Muleba

Nauli ya basi na godoro la usiku mmoja ni bajeti gani kaka? Niambie nikuchangie.

Mkikuyu wa Thika

Hamjambo majirani. Nimesoma nikaona mnapita njia tuliyopita sisi. Mau Mau walipigwa marufuku na mkoloni, na serikali yetu wenyewe ikaendelea na marufuku hiyo mpaka 2003. Miaka 40 baada ya Uhuru! Wazee hawangeweza hata kusajili chama chao. Ungempata wapi mwenye cheti, na kiapo chenyewe kilikuwa siri?

Ilipofunguliwa kesi London, wazee wachache walisimama wakasimulia mateso yao. Katikati ya kesi ikajitokeza kwamba Waingereza walikuwa wameficha mafaili ya koloni muda wote huo. Mwaka 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Gawanya uone kila mzee alipata ngapi. Ukweli ni kwamba karatasi zilitoka kwa sababu watu walisema kwanza. Mngoje karatasi ndiyo mzee aseme, mtangoja sana.

Onyo moja tu. Habari za fidia zilipoenea, wajanja walizunguka vijijini wakiandikisha wazee kwa ada. Nyanya yangu alitoa ada mara tatu kwa watu watatu tofauti. Yeyote anayedai pesa ili aandike jina, mfukuzeni na mbwa.

Koplo Mstaafu

Huyo wa Thika kasema neno. Hata kwenye kundi la simu, kijana, hakikisha hakuna mchango wa "kufuatilia faili".

Nimelifikiria swali lako la fungu. Pale Lukaya asubuhi tuliwakuta wengi wanarudi kutoka kwenye matete, wamelowa, wengine hawana viatu. Hakuna aliyewauliza. Tulienda wote Kampala. Kwa hiyo fungu ni lilelile, na pale juu nilitumia neno kali kuliko lililostahili.

Ila kuhusu uthibitisho sijabadilika. Mwenzake peke yake hatoshi. Athibitishwe na watu wa kikosi kingine waliokuwa sehemu ileile, kila mmoja aulizwe peke yake, wasiulizwe wakiwa kijiweni. Kila mahali palikuwa na vitu ambavyo vitabuni havimo: mti fulani, jina la utani la mpishi, mzaha wa kwenye lori. Aliyekuwepo hawezi kuvisahau, na ambaye hakuwepo hawezi kuvibuni.

Hesabu za Kariakoo

Hiyo angalau ina utaratibu. Bado nasema iandikwe wazi tangu mwanzo: jina kuingia orodhani si hundi. Nishani, mazishi yenye bendera na tarumbeta ya heshima, matibabu, hivyo vinazungumzika. Fedha ya mkupuo hapana.

Mtoto wa Igunga

Kwa baba mdogo hata hiyo bendera tu ingetosha. Wa kwenye kundi aliyetangulia Februari, watoto wake waliomba askari wawili tu waje mazishini. Hawakuja, kwa sababu jina halikuonekana popote. Wazee sita walisimama mstari wenyewe kaburini. Mmoja alitumia mkongojo kama bunduki, akapiga saluti. Nilikuwepo.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Mungu awarehemu. Basi mwanangu, andikeni majina, na pensheni muidai vilevile. Msiache kimoja kwa ajili ya kingine.

Koplo Mstaafu

Kijana wa Igunga, nina swali moja kwa baba yako mdogo, la asubuhi ile ya Lukaya. Siliweki hapa kwa sababu kesho litakuwa limeshazunguka vijiwe vyote vya kahawa. Nimekutumia pembeni. Mchezee sauti yangu, usimsaidie.

Mtoto wa Igunga

Nimemchezea. Alicheka kwanza, akaniambia nirudie, kisha akakaa kimya mpaka nikadhani amelala. Jibu lake nimekutumia kama lilivyo.

Koplo Mstaafu

Nimelisikiliza. Rangi ya gari kakosea, mengine yote ndiyo yenyewe. Niingize kwenye kundi. Tarehe 25 nitaamka alfajiri, ila mwambie anayeita majina aanze na wa 201, sisi tulikuja baadaye.