Mazda MX-5 ya 2001 kwa safari za kila siku

Swali: Wakuu, nataka MX-5 iliyotumika (gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa) ya kwendea kazini, mvua na jua. Nikague nini kwanza?

Jibu: Kutu, mkuu, kabla hata ya injini. Maji ya mvua ya paa la turubai hushukia matundu mawili nyuma ya viti. Yakiziba kwa majani, maji huingia kwenye vizingiti vya milango na kuvioza kwa ndani. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya tairi la nyuma. Pakibonyea, achana nalo. Kisha mimina kikombe cha maji kwenye kila tundu: yatoke chini upesi.

Jibu: Naongezea matairi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, hivyo kashata (meno ya tairi) zikishuka chini ya milimita 3, mkia huteleza kwenye lami iliyolowa.

Jibu: Inua na zulia. Likiwa bichi, huenda turubai linavuja.